Donati Hatangazi Asichokionja

Donati, mpiga mbiu, alianguka kifudifudi juu ya gunia la chumvi aliyokuwa akiisifia, na soko zima la Ifakara likacheka.

Watu walidhani ni mbwembwe zake. Majuzi tu alijibwaga chini vivyo hivyo kuonyesha kwamba kaniki ya dukani kwa Seif haichaniki. Walicheka mpaka povu lilipomtoka mdomoni na mkono ulioshika baragumu ukalegea.

Shaushi Dionisi wa polisi alipofika, Bwana Akida alikuwa ameshamtia mtu minyororo.

"Kesi imekwisha," Akida alisema. "Kaonja chumvi ya huyu Mwarabu, kafa mbele ya watu. Kesho Seif anapelekwa Mahenge. Bwana Mkubwa wa Kijerumani atamnyonga."

Seif alikuwa analia bila aibu. "Shaushi, mimi nimuue mtu anayeniletea wateja? Nani hutoboa mtumbwi akiwa ndani yake?"

Dionisi alichovya kidole kwenye gunia, akalamba.

Wanawake walishika vichwa. Dionisi alilelewa na mapadri wa Bagamoyo kabla hajawa askari, na tangu utotoni ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kutaka kujua. Mkewe alizoea kumwambia kwamba udadisi utamfukia siku moja. Alilamba tena.

"Hii ni chumvi," alisema. "Nikianguka, mnyongeni."

Hakuanguka. Akapiga magoti kuuchunguza mwili. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka. Midomo na ulimi vilikuwa vimevimba kama vya mtu aliyeungua. Chini ya kucha za mkono wa kulia palikuwa na ugali uliokauka, wa rangi ya kijivu.

"Nani alimwona akila ugali leo?"

Wote walikumbuka chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo iliyotangazwa.

Nyumbani kwa marehemu, Digna, mkewe, alikuwa ameketi chini, kanga kichwani.

"Pole sana, dada. Asubuhi alikula nini?"

"Hakula. Siku ya kazi haonji chochote nyumbani. Husema mdomo wa kazi lazima utoke mtupu."

"Kazi ya kupiga baragumu inahitaji mdomo mtupu?"

"Kumbe humjui mume wangu!" Digna alisema, na kwa mara ya kwanza akainua uso. "Alianzia kivukoni, akiwaitia wenye mitumbwi abiria. Wenzake walipiga kelele tu. Yeye kwanza aliupanda mtumbwi, akavuka mto, akarudi, ndipo akatangaza kwamba hauvuji. Watu wakamwamini. Wenye mitumbwi wakamgombania, na jembe hakulishika tena."

"Na nguo?"

"Alizivaa. Pombe aliinywa. Kodi ya Akida aliilipa yeye wa kwanza, hadharani. Mapadri walipotaka watu waje kwenye mafundisho, akabatizwa kwanza. Zamani aliitwa Lipangile."

Dionisi alijikuta akitabasamu mbele ya mjane, akaona haya. Lakini moyoni alimpenda mtu yule. Mwerevu kweli, kageuza ulimi wake kuwa shamba!

"Na maji ya dawa?" aliuliza.

Digna aliinamisha tena kichwa. "Mwaka wa vita watu wa dawa walimfuata. Akayanywa yale maji mbele ya watu, akapakwa kichwani. Akazunguka bonde zima, Idete, Mchombe, mpaka Masagati, akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji."

"Vijana walipokwenda kulivamia boma la Mahenge, alikwenda nao?"

"Hapana. Alisema kazi yake ni kutangaza."

Dionisi alisimama, kisha akageuka mlangoni. "Leo alitoka akiimba nini?"

"Wimbo mpya, wa unga. Alikuwa bado anautafutia mwisho wake."

Seif hakuuza unga. Aliyeuza sokoni alikuwa mama mmoja tu, Kandida wa Idete. Unga wake ulikuwa wa ndiga, kile kiazi cha porini ambacho njaa ya baada ya vita iliwafundisha hata wageni kukila. Ndiga ni sumu. Lazima ikatwe vipande, ilowekwe siku kadhaa penye maji yanayotiririka, ianikwe, ndipo itwangwe.

Dionisi alimkuta mama huyo akifunga kikapu chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Donati alionja unga wako leo?"

"Alionja. Nilimpikia ugali asubuhi, kwa kambale."

"Mboga ilikuwa na pilipili?"

"Nyingi."

"Nyingi ya kuficha ladha?"

Dionisi aliuchota unga wa kikapuni, akaunusa. Wateja walikuwa wameununua tangu asubuhi na wengine walikuwa wameshaula. Hakuna aliyelalamika hata tumbo.

Alipiga hesabu ya maneno yake. Mama huyu alikuwa na umri wa mama yake, na mlango wa kutokea ulikuwepo.

"Mama, nadhani ilikuwa bahati mbaya," alisema polepole. "Ndiga chache hazikulowekwa vizuri. Kila mpishi hukosea. Nikimweleza Akida hivyo, utarudi Idete leo."

Kandida alikiweka kikapu chini.

"Njaa yote ile nimelisha watu ndiga, watoto wachanga wakala," alisema. "Mimi sikosei ndiga. Za Donati nilizitwanga kando, bila kuzitia mtoni."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wana wawili, Ligazio na Mkangala. Walikwenda Mahenge. Hawakurudi."

"Wengi hawakurudi, mama."

"Najua. Kwa hiyo nilimfuata Donati, si mara moja. Nilimwomba asimame pale pale sokoni, apige baragumu, aseme, 'Niliwadanganya.' Basi. Alinijibu, 'Mama, mimi nilitangaza tu. Sikumlazimisha mtu kwenda. Na nikilirudisha tangazo moja, nani ataamini mengine?'" Alikung'uta unga viganjani. "Ndipo nikamwambia nina unga, autangaze. Nikamwambia aonje kwanza."

Dionisi alimtuma askari akamfungue Seif. Kisha alibaki amesimama na kamba mkononi, hajui aanzie wapi.

"Na wewe ulikuwa Mahenge siku ile?" Kandida alimwuliza.

Maisha yake yote Dionisi alikuwa muulizaji. Swali hili lilimkuta hana pa kujificha.

"Nilikuwepo, mama. Juu ya ukuta, kwenye bunduki ile ya risasi za mfululizo."

"Vijana walifika karibu?"

Angeweza kumdanganya.

"Walifika karibu sana. Mpaka niliona nyuso zao. Wa mbele hawakuinama, hawakujikinga. Tulifyatua na bado walikuja wakitembea wima. Hadi leo sijui ni kwa nini."

"Walimwona Donati akiyanywa yale maji," Kandida alisema, kisha akanyoosha mikono ifungwe.