Matumbawe Yenye Namba

"Matumbawe kumi na manne yameng'olewa, shangazi. Yote yenye namba. Yasiyo na namba hakuyagusa hata moja. Huyu si mwizi, huyu ni adui yangu."

Zahoro alisimama mlangoni kwa Bi Biubwa, suruali imelowa mpaka magotini. Nyuma ya pazia alikuwapo mchumba wake, Mwanakheri, mpwa wa Bi Biubwa, aliyeteremka kutoka Kisarawe kuja kuwekwa ndani hapa Mbwamaji. Harusi ilibaki siku kumi. Alisikia kila neno, akauma pindo la kanga asisikike akilia.

Ilikuwa mwaka 1953. Kwa miaka miwili Zahoro alikuwa akipima matumbawe aliyoyafunga vibati vya namba, kwa niaba ya Mzungu mmoja mtafiti wa viumbe wa baharini. Kila bamvua, maji yakikauka, utamkuta mwambani na kamba na daftari, akiandika lipi limekua, lipi limekufa, na samaki gani anaishi wapi. Mzungu mwenyewe alikuwa anakuja Ijumaa.

"Unamshuku nani, baba?" Bi Biubwa aliuliza.

"Mzee Mwinyijuma. Nimeyakuta kwenye tanuri lake, yamekwisha kuwa chokaa, lakini maumbo yake nayajua. Anasema kaletewa, lakini kaahidi kutomtaja mtu. Kesho nampeleka kwa jumbe."

Alipoondoka, Mwanakheri alitoka nyuma ya pazia.

"Shangazi, ni mimi."

"Nyamaza."

"Niliyang'oa kabla hujaniweka ndani. Nilimwomba mzee afiche siri."

"Nimesema nyamaza. Akijua, posa inavunjika. Unataka kurudi Kisarawe na sanduku kichwani?"

"Na mzee Mwinyijuma je?"

"Yule mtu mzima, atajitetea."

Watu wazima hupenda kusema hivyo pale jambo linapomkuta mtu mzima mwingine.

Mwali hatoki nje mpaka siku yake ifike. Mwanakheri alitoka. Asubuhi alijifunika kanga gubigubi, akaenda mpaka barazani kwa jumbe, akamkuta mzee Mwinyijuma ameinamisha kichwa.

"Niliahidi, jumbe," mzee alikuwa akisema. "Nifungeni tu."

Mwanakheri alifungua pindo la kanga. Vibati kumi na vinne vikamwagika mkekani.

"Shikamooni. Aliyeng'oa ni mimi."

Zahoro aliviangalia vile vibati, kisha akamwangalia yeye.

"Uliziona namba, Mwanakheri."

"Niliziona. Ndiyo maana nikang'oa."

"Vipi?"

"Baba yangu ni mpasua mbao, unajua. Kwetu Kisarawe, bwana misitu akiutia mti namba, huo ndio ulioruhusiwa kukatwa. Usio na namba ukiugusa unafungwa. Nikasema, mchumba wangu amekwisha kuyachagua. Nilitaka chokaa, uingie siku ya harusi uikute nyumba yetu nyeupe. Yale mengine sikuyagusa, nisije nikakutia matatani."

Jumbe alikohoa ili asicheke. Zahoro hakucheka. Alimshika mzee Mwinyijuma mikono yote miwili, akamwomba radhi, kisha akaondoka bila kugeuka. Hapo ndipo Mwanakheri alipoumia, kuliko kama angetukanwa.

Siku hiyo kimya. Kesho yake kimya. Bi Biubwa alianza kukunja nguo za mwali na kuzirudisha sandukuni.

Ijumaa baada ya alasiri Zahoro alikuja mwenyewe, hakutuma mshenga. Alikaa upande wake wa pazia.

"Mzungu nimemwambia yote."

"Amekufukuza?"

"Hapana. Alifungua daftari. Halafu akauliza kama yule binti anakumbuka mahali kila moja lilipong'olewa. Anataka tupime kama yataota tena pale pale."

"Nakumbuka yote."

"Nilimwambia unakumbuka."

"Na wewe, Zahoro? Ninayemwuliza si Mzungu."

Zahoro alijisogeza karibu na pazia.

"Nimekasirika. Bado sijamaliza. Lile la saba lilikuwa na samaki wawili wa manjano, walikuwa wamenizoea. Nikifika hawakimbii. Juzi nimewakuta wanazunguka mahali pasipo na kitu."

Mwanakheri alilia, safari hii bila kujificha.

"Nisamehe. Nilikuwa nakupenda, basi, sikujua lingine."

"Najua. Ndilo linalonifanya nishindwe kukuchukia." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Tumbawe huongezeka upana wa ukucha kwa mwaka mzima, na mimi nimeweza kulingoja miaka miwili. Wewe ningoje hasira ipoe. Haitafika hata Jumatatu. Harusi iko pale pale."

Uani, Bi Biubwa, aliyekuwa akijifanya anapepeta mchele, alipiga kigelegele. Kilikwisha kumtoka ndipo akakumbuka kwamba hakutakiwa kuwa anasikiliza.