Sampuli Iliyoitika

Harufu ndiyo iliyotangulia. Saa sita mchana kweupe, tungi la chuma limefungwa kisawasawa, hewa yote imenyonywa, ndani baridi isiyo na mfano, na bado maabara nzima ikanukia mafuta ya mtoto. Mama Vumbi akaacha kuandika. Walimpachika jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kugandisha vumbi humo tungini, aone jinsi chembe zilivyoshikana zamani hizo hadi zikawa nyota na sayari.

"Unasikia harufu?" akauliza.

"Dada, mimi nasikia njaa tu," akatania fundi wa mitambo.

Mara kioo cha kidirisha cha tungi kikagongwa. Kwa ndani. Fundi utani ukamwishia palepale.

"Mama," kikasema kisauti, "baridi."

Masikini wee! Ilikuwa sauti ya kitindamimba wake, aliyefariki kwa homa miezi miwili nyuma, mama mtu akiwa hapohapo kazini, maana tungi likipozwa haliachwi peke yake.

Fundi akatoka mbio, akarudi na bibi yake, mganga wa hapo jirani. Bibi akatazama karatasi iliyobandikwa tungini.

"Hili jina la nani?"

"La mwanangu," akanong'ona Mama Vumbi. Pale kila sampuli hupewa jina, na kila asubuhi huitwa kwa jina hilo kabla ya kurekodi vipimo. "Nilitaka tu niwe nalitamka, Bibi."

Msimcheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Umeita kila siku, kaitika asiye wako. Huyo ni jini. Bandua karatasi, fungulia hewa, na usimjibu."

Akabandua, akashika koki, na kisauti kikaanza kulia, kikaomba kubebwa, vidole vidogo vikitambaa kiooni, harufu ya mafuta ikizidi, fundi akinong'ona "fungua, dada, fungua," naye mkono haumtii, mpaka kisauti kikatulia, kikasema polepole: "Sikukukasirikia, Mama. Nilijua uko kazini."

Miezi miwili alikuwa akililia neno hilo.

"Mwongo huyo!" Bibi akafoka. "Fungua!"

Akafungua. Hewa ikaingia kwa kishindo, vumbi likatawanyika, kioo kikabaki kitupu.

"Haya, ametoka," akasema Bibi, akijifuta jasho.

Mama Vumbi akaketi sakafuni, hoi.

"Bibi," akasema, "angeniongopea mara moja tu zaidi, wewe ungepungukiwa nini?"