Harufu katika Chumba cha Mama Mkwe

Capitoline alikuwa fundi wa kushona nguo huko Kavimvira, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira. Kila asubuhi alichota maji, akawasha makaa, akampikia uji binti yake Délice kabla hajaenda shule. Kisha aliketi mbele ya mashine ya kushona na kukanyaga mpaka miguu ikafa ganzi. Mume wake, Nzeyimana, alilima mpunga kule Luberizi na kurudi nyumbani Jumamosi. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa juu ya mabega ya Capitoline.

Mwaka huo panya walimsumbua sana. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia katika nyumba za karibu na maji, na panya wakahamia kwenye nyumba kavu. Walitafuna kitambaa cha harusi cha mteja. Capitoline aliomba msamaha mpaka sauti ikakauka.

Jirani akamwelekeza kwa Amandine, daktari wa wanyama. Watu walipokimbia maji, wengi waliacha paka wao nyuma. Amandine aliwaokota, akawachanja, akawatunza katika kibanda nyuma ya nyumba yake. Mtu aliyehitaji paka alikwenda kuchukua pale. Capitoline alipewa dume wa kijivu mwenye mistari miwili begani. Kwa sababu ya mistari hiyo, Délice alimwita Kaporali.

“Umufungie kwanza mu nyumba,” Amandine alimwambia. “Kama anatoka mapema, atatafuta nyumba yake ya zamani, na ile iko mu maji. Umuwekee beseni ya choo.”

Capitoline aliweka beseni chini ya meza ya mashine. Ndani yake alitia makapi ya mpunga ambayo mume wake alileta. Siku za kwanza paka aliingia humo na kujisaidia vizuri. Capitoline akaridhika. Hakulichunguza tena lile beseni, maana kazi zilikuwa nyingi.

Juma lile lile alifika Ninahazwe, mama yake Nzeyimana. Alitoka kijiji cha Runingu. Mvua za msimu uliopita zilikuwa zimebomoa ukuta wa nyumba yake, na goti lake lilikuwa limekataa kulima. Alikuja na kifurushi cha nguo na rozari. Capitoline alimwita Mabukwe, yaani mama mkwe, kwa lugha ya nyumbani kwao. Alimpa chumba kidogo cha nyuma. Chumba hicho hakikuwa na mlango, kilikuwa na pazia tu.

Haikupita muda, chumba kikaanza kunuka mkojo.

Asubuhi moja, Ninahazwe alipokuwa misa, Capitoline aliingia kutandika. Aligusa godoro. Lilikuwa limelowa katikati. Alisimama pale na shuka mkononi. Kazi nyingine tena. Alisugua godoro kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaliburuta juani, akarudi kwenye mashine.

Kesho yake lilikuwa limelowa tena.

Alimpigia mume wake simu. “Mama anazeeka,” alisema kwa sauti ya chini. “Anakojoa mu kitanda.”

“Usimuambie kitu,” Nzeyimana akasema. “Atasikia haya.”

Basi Capitoline hakusema kitu. Alitandaza plastiki juu ya godoro, akaifunika kwa shuka. Jioni Ninahazwe alipoketi kitandani, plastiki ililia chini yake. Akaipapasa kwa mkono, akaelewa anachodhaniwa. Yeye pia hakusema kitu.

Tangu siku hiyo yule mama alianza kusukuma kikombe mezani. Akiletewa chai, alisema ameshiba. Akiletewa maji, alilowesha midomo tu. Kulikuwa na joto kali, lile joto la Uvira la kabla ya mvua. Capitoline aliona vikombe vinarudi vimejaa. Lakini alikuwa na sare za wanafunzi wa shule nzima za kushona, na hakuuliza.

Mchana mmoja alisikia kishindo uani. Ninahazwe alikuwa ameanguka karibu na jiko. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na macho yameingia ndani. Capitoline alimwita jirani yake Pétronille. Wakampandisha kwenye pikipiki, Capitoline akaketi nyuma amemshikilia, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Félicien. Alivuta ngozi ya mkono wa yule mama, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

“Huyu mama amekauka,” alisema. “Hakunywake maji?”

Alimtundikia serumu, chupa ya maji ya kuingia mshipani. Kisha akainama karibu naye. “Mama, juu ya nini haunywe?”

Ninahazwe aligeuza uso ukutani. “Sikutaka kulowesha godoro ya watu,” alisema.

Capitoline alikuwa amesimama nyuma ya muuguzi. Alisikia kila neno. Alitamani ardhi immeze.

Ninahazwe alilazwa, na Capitoline akabaki naye. Délice alilala kwa Pétronille. Asubuhi Capitoline alirudi nyumbani mara moja kuchukua kitenge na sahani. Alifunua pazia la chumba cha nyuma. Katikati ya kitanda, juu ya shuka, kulikuwa na kidimbwi cha mkojo. Plastiki ilikuwa imeuzuia usizame. Ulikuwa bado wa moto.

Hakuna mtu aliyelala pale.

Kaporali alitoka chini ya kitanda, akajinyoosha, akaanza kujilamba.

Capitoline aliketi sakafuni. Akakumbuka vikombe vilivyorudi vimejaa, na mkono wa mama mkwe ukipapasa plastiki. Kisha hasira ikampanda. Alimkamata paka shingoni, akamsukumia pua kwenye mkojo. “Angalia. Angalia kazi yako.” Paka alifoka, akamkwaruza, akakimbilia nyuma ya magunia ya vitambaa.

Alimpigia Nzeyimana simu na kumweleza yote. Sauti ya Nzeyimana ilikuwa nzito. “Mama yangu alikuwa anakufa na kiu juu ya paka,” alisema. “Mutie mu gunia. Mutupe mbali.”

Capitoline hakubisha. Alirudi kwanza kituo cha afya. Alivuta kiti karibu na kitanda.

“Mabukwe, haikuwa weye,” alisema. “Ni paka. Nimeona leo kwa macho yangu. Minye nilikuhukumu bila kukuuliza hata neno moja. Unisamehe.”

Ninahazwe alitazama maji ya serumu yakidondoka. “Hata minye nilifikiri ni minye,” alisema. “Nilisema, ndio uzee, mwili unafanya mambo bila kuniambia.” Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni. “Sasa yule paka iko wapi?”

“Nzeyimana anasema tumutupe.”

“Ulimuuliza munganga wa paka juu ya nini anafanya vile?”

“Hapana.”

“Wakati mulifikiri ni minye, mulinirudisha Runingu?”

“Hapana, Mabukwe.”

“Basi na yeye mumuvumilie. Nyumba yake imeenda na maji sawa yangu. Uite ule munganga wake kwanza.”

Siku Ninahazwe aliporuhusiwa kutoka, Amandine alifika nyumbani. Alimpakata Kaporali na kumpapasa tumbo polepole.

“Anajikaza wakati wa kukojoa?” aliuliza. “Umeona damu? Analia?”

“Hapana. Anakojoa mingi, kama bomba.”

“Hapo ni heri. Unisikilize vizuri, Mama Délice. Paka akianza kukojoa fasi mbaya, jambo la kwanza ni kuuliza kama anaumwa. Zaidi sana paka dume. Kama anajikaza na mkojo hautoke, ao unatoka tone tone, ile njia imeziba. Usingoje kesho. Anaweza kufa. Lakini huyu kibofu chake kiko laini, hana homa. Tuone beseni yake.”

Capitoline alionyesha chini ya meza ya mashine. Amandine alichuchumaa. “Kanyaga mashine kidogo.”

Capitoline alikanyaga. Mashine ikanguruma, meza ikatetemeka, na beseni likatetemeka pamoja nayo. Kaporali akatoka mbio.

“Umeona? Weye unaweza kuingia mu choo yenye kutetemeka?” Kisha Amandine alitia mkono kwenye makapi. “Na hii inachoma. Paka anapenda kuchimba mu kitu laini. Mara ya mwisho ulitoa uchafu lini?”

Capitoline alifikiri. “Sikumbuke.”

“Na sahani yake ya chakula iko hapa kando. Paka hataki kula mu choo yake.” Alisimama, akajipangusa magoti. “Anatafuta fasi ya kimya, fasi laini, fasi safi. Akapata kitanda cha Koko, mama mukwe wako. Hana ubaya na mutu.”

“Nilimusukuma pua mu mkojo,” Capitoline alisema.

“Bengi banafanya vile. Paka haelewi ni juu ya nini. Anajifunza tu kukuogopa, na mwenye woga anajificha na kukojoa zaidi. Na minye niko na kosa yangu. Ningekuja kuona beseni siku ya kwanza.”

“Lakini nilikuwa nasafisha godoro kila siku na javeli,” Capitoline alisema. “Mbona anarudia?”

“Pua ya paka inasikia javeli kama mkojo wa paka mwingine. Anarudi kutia yake. Tena javeli na mkojo vikikutana vinatoa moshi mbaya kwa kifua. Tumia maji na sabuni. Kisha upanguse na siki yenye maji, uache ikauke kabisa juani.”

Walitengeneza beseni upya. Amandine alichagua lililo kubwa, ambalo paka angeweza kugeuka ndani yake, lenye ukingo mfupi. Délice alileta mchanga wa ziwa, wakauchekecha na kuukausha. Wakautia kina cha vidole vichache.

“Tutaiweka wapi?” Capitoline aliuliza.

“Tuanze pale amezoea,” Amandine alisema, akatazama pazia la chumba cha nyuma. “Akishaizoea, munaisogeza kidogo kidogo mpaka kwa mulango wa nyuma. Mukiisogeza mara moja, hataifuata. Lakini ni chumba cha Koko.”

Ninahazwe alikuwa ameketi mkekani. “Muiweke,” alisema. “Nitaiangalia minye.”

“Vizuri. Utoe uchafu asubuhi na jioni, ufukie mbali na maji ya kunywa na shamba ya mboga. Mikono na sabuni kila mara. Na mama mwenye mimba asiguse mavi ya paka, kuna kidudu kinaweza kuumiza mutoto mu tumbo. Mama Délice, uko na mimba?”

“Hapana. Niko na kuchoka tu.”

Wote watatu wakacheka kidogo, na kicheko kikaisha haraka, kwa maana maneno hayo yalikuwa ya kweli.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kaporali alinusa mchanga, akaondoka. Alirudi, akachimba, akaondoka tena. Ninahazwe alimtazama tu na rozari yake mkononi, bila kumfukuza. Hatimaye paka aliingia, akachimba shimo, akajisaidia, akafukia. Ninahazwe alimpa kichwa cha dagaa.

Wakati beseni lilipokuwa linasogezwa kuelekea mlango wa nyuma, mambo yaliharibika tena. Ninahazwe alikuwa amekwenda kwa mazishi Runingu, na Capitoline alisahau kutoa uchafu. Kaporali akakojoa juu ya kipande cha sare. Capitoline aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki hewani. Aliushusha, akaenda kutazama beseni. Lilikuwa limejaa. Alilisafisha, akaosha sare kwa sabuni na siki, akakata kipande kingine. Alinung'unika peke yake, lakini hakumgusa paka.

Mpaka mvua zilipoanza, beseni lilikuwa limefika kwenye mlango wa nyuma na paka alilifuata bila kukosa. Chumba cha nyuma kilinuka sabuni tu. Panya walikoma kuonekana kwenye vitambaa. Nzeyimana alipokuja, alimtazama paka kwa jicho la pembeni Jumamosi nzima. Jumapili alimkuta amelala miguuni pa mama yake. Akasimama kidogo, kisha akaenda kuchota mchanga ziwani bila kuambiwa.

Capitoline naye alianza kufanya jambo ambalo hakulifanya zamani. Kila jioni aliketi na mama mkwe wake na kumuuliza waziwazi. Goti linaumaje? Umelala? Kuna kitu kinakusumbua? Mwanzoni Ninahazwe alijibu kwa neno moja. Baadaye alijibu kwa maneno mengi, na siku moja akauliza naye.

“Na weye, mukaza mwana wangu? Weye unapumzikaka lini?”

Capitoline aligeukia mashine yake, akaanza kukanyaga. Ninahazwe alimshika mkono, akamwondoa kwenye mashine, akamlaza kwenye kitanda cha chumba cha nyuma. Capitoline alitaka kusema kwamba mteja anakuja. Usingizi ulimkamata kabla hajamaliza.

Mteja alikuja kweli. Alipiga hodi, akamkuta Ninahazwe ameketi kizingitini, amenyoosha goti lake bovu.

“Fundi iko?” aliuliza.

“Iko,” Ninahazwe alisema. “Lakini analala. Urudi kesho.”