Mkono Uliogoma Kusalimia

Foleni ya dirisha la kadi, hospitalini Ifakara, ilifika mpaka kwenye maegesho ya baiskeli. Balbina, ndani ya gauni lake la kitenge cha kijani, aligeuka kumwambia aliye nyuma aache kusukuma. Akakutana uso kwa uso na mumewe, Ngusa.

Miezi minne hawajaonana. Siku mama mkwe aliposema ng'ombe wa mahari walikwenda bure, na Ngusa akanyamaza, Balbina alifunga begi akarudi kwao, kijijini Mbingu. Simu za Ngusa aliziacha ziite mpaka zikate.

"Ngusa," alisema. Akampa mkono.

Ngusa hakuupokea. Mkono wake wa kulia aliubana ubavuni, shati jeupe limelowa jasho. "Hujambo, Balbina?"

Alaa! "Hata mkono nanyimwa siku hizi? Huyo mwanamke wako mpya yuko wapi, wodi ya wazazi?"

"Mwanamke gani? Mke wangu, niache kwanza nifike maabara."

"Usiniite mke wako!"

"Basi punguza sauti, mama. Wamesema kibaki na joto la mwili, na kifike ndani ya saa moja."

"Kitu gani?"

Ngusa akatazama huku na huku, akafungua kifungo. Kwapani kulikuwa na kichupa kilichoviringishwa karatasi.

"Mbegu zangu," alinong'ona. "Nesi alisema tatizo la kukosa mtoto halipimwi kwa mama peke yake. Nilikupigia nikwambie, hupokei."

Balbina aliangua kicheko, kisha machozi yakamtoka. Yeye alikuja kupigwa picha ya mirija ya uzazi, ile ya kupitishiwa dawa kwenye kizazi. Alikuwa ameapa kwamba mirija ikiwa imeziba yote, atamwachia Ngusa aoe mwingine.

"Kimbia basi, muda unaisha!"

Mchana daktari aliwaita pamoja. Majibu ya Ngusa yalikuwa mazuri. Mrija wa kushoto wa Balbina ulikuwa umeziba, pengine kwa maambukizi ya zamani yasiyotibiwa. Wa kulia, dawa ilipita vizuri.

"Siwaahidi mtoto," alisema daktari, "lakini nafasi ipo."

Nje, Balbina akauliza polepole, "Na ingeziba yote?"

"Ningekufuata Mbingu vilevile. Kosa langu ni kunyamaza. Jana nimemwambia mama, ng'ombe nilitoa kwa ajili ya Balbina, si kwa ajili ya tumbo lake."

Balbina akanyoosha mkono tena. "Haya, nisalimie vizuri sasa."

Ngusa akaupokea kwa mikono yote miwili, na hata bajaji ya kuwarudisha nyumbani ilipofika, hakuuachia.