Gari la Mama Mkunga

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa kusukuma. Mama alishika usukani, na baba, dada na mimi tukasukuma nyuma. Gari letu kuukuu tulilipa jina la Bibi, kwa sababu lilikohoa sana kabla ya kuamka.

Mama ni mkunga. Huwafuata wajawazito milimani, na mmoja akizidiwa humlaza kiti cha nyuma na kumkimbiza hospitali. Siku moja Bibi alizima njiani, na mtoto akazaliwa kando ya barabara, kwenye mvua. Mzazi na mtoto wake walipona. Lakini mkunga wetu aliporudi nyumbani hakusherehekea.

"Tulibahatika tu," alisema. "Tutafute gari jingine, mtu asije akanifia mikononi."

Tulikwenda kwenye yadi ya magari na jirani yetu, dereva wa lori tunayemwita Mama Gia. Baba akaona gari jeusi linalometameta, moyo wake wote ukahamia huko.

"Hili hapa, mke wangu! Rangi hii ni kioo, hata kunyolea ndevu inafaa!"

Muuzaji akaliwasha, likanguruma vizuri. Mama Gia akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mbona lina moto? Limewashwa kabla hatujafika."

"Kuna ubaya gani?" baba akauliza.

"Shemeji, injini ya moto huficha ugonjwa. Gari lililotumika liwashe likiwa limepoa. Kisha chungulia chini, uone kama lina kutu au linavujisha mafuta. Na gia ya kuvuta magurudumu yote manne, uijaribu mwenyewe."

Kesho yake tulifika mapema, bila kumwarifu muuzaji. Lile jeusi likakohoa, likatoa moshi.

"Bibi mwingine huyu!" dada akasema. Baba akalipa kisogo shingo upande.

Pembeni kulikuwa na gari la rangi iliyopauka. Liliwaka mara moja. Chini kulikuwa kukavu, na gia ile ikakubali bila ubishi. Baba akalizungusha ndani ya yadi, kwenye lami laini, akasema linatosha.

Hapo mama akanishangaza. Alifungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akajilaza kitini.

"Nipeleke njia ya milimani," akamwambia baba. "Hatumnunulii anayekaa mbele. Endesha kana kwamba nimeshikwa na uchungu."

Mama Gia akapiga makofi. "Katika magari yote niliyokagua, sijawahi kujilaza ndani ya hata moja! Leo umenifunza, dada."

Nikaketi mbele na baba, tukapita mawe, mashimo na kijito. Sauti ya mama ilitoka nyuma: "Hapa sawa. Hapa umenirusha, punguza mwendo. Hapa sawa." Mwishowe akaketi, kitambaa cha kichwa kimemlegea, anatabasamu.

"Hili," akasema.

Nilijivunia mama yangu kupita kiasi.

Mvua ziliporudi, mama na baba walimshusha mjamzito kutoka mlimani, tope likiruka hadi juu ya paa. Safari hii mtoto alizaliwa hospitali, kitandani, kwenye shuka kavu. Mume wa mzazi akamfuata baba nje akiwa na machozi ya furaha.

"Kaka, nataka kulitambua gari lenu nikiliona tena. Tope limelifunika; ni la rangi gani?"

Baba akaligeukia, akalitazama.

"Unajua, ndugu yangu," akasema, "hata sikumbuki."