Mahari Iko, Ingia

Indiketa ya kushoto iliendelea kugonga baada ya Abudu kuchomoa ufunguo. Tik, tik, tik, taratibu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha akisubiri kujibiwa. Abudu alikuwa amekwisha kuteremka na mkate wake wa jioni mkononi. Akarudi, akainama, akatazama dashibodi. Mshale wa kijani haukuwaka. Gari lilikuwa limezimwa kabisa. Lakini nyuma, kwenye ukuta wa jirani, mwanga wa rangi ya chungwa ulikuja ukaondoka, ukaja ukaondoka.

Alijiambia ni waya. Taa zilikuwa zimefungwa mchana ule ule, na fundi huweza kukosea. Akaupiga mlango teke dogo, mlio ukakoma, akaingia ndani kula.

Jina lake katika kitambulisho lilikuwa Abdu Kiyingi. Mtaa mzima wa Kawempe, hapo Kampala, ulimwita Abudu, na mkewe alimwita Baba Nabilah. Mke huyo, Rukiah, alikuwa Mnubi wa Bombo, wa ukoo wa wale askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Abudu alikuwa Muganda, dereva wa gari la kukodi, Toyota nyeupe aliyoiosha kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Nabilah, na Nabilah alikuwa karibu kuolewa na Abdul-Latif, kijana wa polisi, Mnubi kama mama yake.

Hapo ndipo shida ya ulimi ilipoanzia. Wazee wa Abdul-Latif walitaka maneno ya ndoa yasemwe kwa Kiswahili, lugha ya kambini kwao, ili kila mtu asikie. Baba ndiye atakayesema kwamba anamwoza binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Na Abudu, kwa ulimi wa Kiganda, hakuweza kusema mahari. Kila akijaribu ilitoka mahali.

Rukiah alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia wakwe watadhani anamwoza mtoto kwa kiwanja. Kisha akaanza kumfundisha jikoni, akimshika kidevu kama mtoto wa madrasa: ulimi juu, utetemeshe, ma-ha-ri. Nabilah naye alikuwa akimchokoza akipita na ndoo, akisema, “Taata, leo kiwanja kiko wapi?” Abudu hakukasirika. Alilichukua neno lile akaenda nalo barabarani. Akiwa peke yake garini alilirudia kila foleni iliposimama, mahari, mahari, mahari, hata ulimi ukazoea kutetemeka wenyewe.

Ndipo lori lilipoiparuza Toyota yake ubavu. Lilivunja taa ya mbele ya kushoto na taa ya nyuma ya upande huo huo, pamoja na indiketa zote mbili. Gari lile ndilo lililokuwa limchukue bibi harusi mpaka Old Kampala kwa wakwe. Abudu hakutaka mtoto wake aondoke nyumbani katika gari lenye chongo.

Alikwenda Nateete kwa Guerschom, Mkongo wa Uvira aliyeuza vipuri vya magari makuukuu yaliyochinjwa vipande vipande. Guerschom alimwekea juu ya turubai seti mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya kuiga, iking'aa kama sahani, yenye balbu nyeupe zilizoelekea buluu. Ya pili ilikuwa kuukuu, imetoka katika gari moja la Japani, na namba yake imechapwa kwenye kioo.

“Hii mupya inangaa leo, mukubwa,” alisema Guerschom. “Mvua ya kwanza inaingia mayi. Na mwanga yake inapofusha mutu anayekuja.”

Abudu alizipima kama mtu anayenunua kuku. Alibonyeza kingo kwa kidole gumba, akanusa mpira wa kuzibia, akaomba ziunganishwe na betri. Nyekundu ya breki ilikuwa nzito na nzuri. Indiketa ilikuwa ya rangi ya chungwa halisi. Taa ya kurudi nyuma ilikuwa nyeupe, haichomi jicho. Kasoro ilikuwa moja: ndani ya taa ya nyuma kulikuwa na ukungu, mkubwa kiasi cha kiganja cha mwanamke. Alipangusa kwa nje, ukabaki. Guerschom alisema utakauka kwa joto la balbu. Alisema pia, akitazama kando, kwamba aliyeinunua seti hiyo mwanzo aliirudisha, eti haikupata fasi kwake, maana Wakongo mahali hupaita fasi. Gari lililozaa taa zile lilikuwa bado pale nyuma ya uwanja, bodi tupu bila milango, na pale taa zilipokuwa palibaki mashimo.

Abudu alichagua zile za zamani. Mtu yeyote anayejua gari angechagua hivyo hivyo.

Akirudi nyumbani mvua ilimkuta njiani, kabla kidogo ya adhana ya magharibi. Indiketa ya kushoto ikawaka. Alidhani kiwiko kimegusa, lakini dereva wa kukodi akiona ishara ya kushoto hata mguu huitii, akajikuta amesimama pembeni. Palikuwa na mwanamke amevaa baibui, amesimama katika mvua bila mwavuli.

“Kuna mahali, mzee?” aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa safi, kila herufi katika nafasi yake.

Abudu alikuwa na neno lile mdomoni tangu Nateete. “Mahari iko,” alisema. “Ingia.”

Mwanamke hakuingia. Aliinama dirishani. “Mahari yangu iko?”

“Iko, mama. Yako kabisa.”

Akaingia nyuma, polepole, akikusanya nguo zake kama mtu anayeketi mbele ya wageni. Gari likajaa harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya plastiki iliyoungua. Hakusema tena. Abudu alipofika kona ya Kawempe akageuka kumuuliza anashukia wapi, kiti kilikuwa kitupu. Alikipapasa. Kilikuwa kikavu.

Hakumwambia mtu. Alinunua mkate, akaenda nyumbani, na taa ikagonga.

Tangu hapo iligonga kila jua lilipozama, hata alipochomoa nyaya za betri. Nyumba ikaanza kunuka udi ambao Rukiah hakuufukiza. Nabilah akaacha kuitika akiitwa jina lake. Ilibidi mtu amguse bega. Alfajiri moja Rukiah alimkuta amesimama kando ya gari, amelaza kiganja juu ya taa ya nyuma, nywele zake zikichuruzika maji na hali usiku ule mvua haikunyesha. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwa sauti isiyokuwa na utani wake wote, “Nasubiri nipewe nilichoahidiwa, maana kilichokuwa cha mwenzangu sasa ni changu.” Kisha akalia, akamwambia mama yake kwamba anasikia baridi na kwamba kuna mtu amekaa mahali pake ndani ya kifua, anamsukuma atoke.

Rukiah alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma walimoweka mahari ya Nabilah, mkufu wa dhahabu ulioletwa na Abdul-Latif. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Mkufu haukuwemo. Walitafuta chini ya magodoro, jikoni, darini, mpaka Abudu alipotoka nje na kuona kitu kikimeta ndani ya taa ya nyuma, ndani kabisa, katika kioo kilichozibwa kiwandani ambacho hakina pa kupitisha hata uzi, na ule ukungu wa kiganja cha mwanamke ulikuwa umekunja vidole.

Alikaa chini kwenye matope. Rukiah alitupa mtandio kichwani. Alimfuata Bibi.

Bibi hakuwa bibi yao. Lilikuwa jina lake la kuzaliwa, na aliwasahihisha waliodhani ni heshima ya uzee. Alikuwa shangazi mdogo wa Rukiah, mwanamke mwembamba aliyewasomea watu Kurani huko Bombo na kukataa kuitwa mganga. Alilizunguka gari, akanusa taa, hakuigusa. Kisha akamtaka Abudu aseme kila neno alilosema tangu aliponunua taa zile, kama alivyolisema, bila kunyoosha.

Abudu alisema. Alipofika kwa mwanamke wa kwenye mvua, sauti ilimshuka.

“Aliuliza nini?” alisema Bibi.

“Kama kuna mahali.”

“Na wewe?”

“Nilisema mahari iko.”

Rukiah alijishika mdomo. Yeye ndiye aliyemfundisha.

“Jini yule alifukuzwa kwake gari lilipochinjwa,” Bibi alisema polepole. “Alikuomba pa kukaa tu, Abudu. Wewe ukampa mahari. Katika nyumba hii mahari ni moja, na mwenye mahari ndiye bibi harusi. Unaona anakokwenda?”

Abudu aliona. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mtoto wake atapona.

Bibi alisema inategemea ulimi. Neno lile lirudishwe na mdomo uliolitoa, mbele ya gari taa zilikotoka, na kwa herufi ile ile aliyoomba nayo jini.

Walikwenda Nateete saa za jioni, taa zikiwa zimefunguliwa na kufungwa katika shuka, na katika buti, bila waya, bila betri, ziligonga njia nzima. Guerschom alipoziona alirudi nyuma, akawaonyesha uwanja kwa kidole tu. Abudu aliziingiza katika matundu ya bodi ile tupu, ya mbele na ya nyuma, na zilipokaa tu zikawaka, na harufu ya udi na plastiki ikawazunguka nzito kiasi kwamba Rukiah alijifunika pua kwa mtandio. Bibi alikuwa akisoma kwa sauti ya chini. Akamgusa Abudu.

“Mahari yako iko hapa,” alisema Abudu, akasikia alichokisema, akataka kukimeza, lakini taa zilikuwa zimekwisha kusikia, zikaanza kugonga haraka, haraka zaidi, na kutoka pale kiti cha nyuma kilipopaswa kuwa, palipokuwa na chuma na magugu tu, mtu alivuta pumzi kwa furaha, na Rukiah, aliyeshika simu sikioni, laini ikiwa wazi mpaka nyumbani, alimsikia Nabilah upande wa pili akivuta pumzi hiyo hiyo.

Bibi alimpiga Abudu begani. “Acha ulimi wa kufundishwa. Nipe wa kwenu.”

Abudu alifumba macho. Aliliacha neno la jikoni, akarudi nyuma mpaka kwa mama yake, kwa Kiganda chake cha utotoni kisichojua kutetemesha ulimi hapo. “Mahali,” alisema. “Mahali yako iko hapa. Hakuna ingine.”

Mlio ukakoma. Ukungu ukafumbua vidole, ukatandaa ndani ya kioo kama pumzi. Kitu kilianguka kwenye magugu. Ulikuwa mkufu, wa baridi kama chuma cha jokofu. Na katika simu Nabilah alikuwa akiuliza, kwa sauti yake mwenyewe ya utani, kwa nini wamemwacha na njaa.

Asubuhi yake Abudu alikwenda Old Kampala, kwenye duka la vipuri vipya, akachagua taa nyingine. Safari hii hakutazama uzuri wa nyekundu wala uhalisi wa kioo. Alitaka taa ambayo haijawahi kukaa katika gari lolote. Alizishika kwenye jua, akazitikisa karibu na sikio, akahakikisha ndani hamna hata tone. Muuzaji alimwambia zitaingia maji mvua ya kwanza. Abudu alimjibu kwamba maji anayajua.

Neno la mahari hakulisema tena. Rukiah alipotaka wafanye mazoezi aliondoka jikoni. Alisema atalisema siku yake ikifika, mara moja, na baada ya hapo hatalisema mpaka kufa. Rukiah aliona uso wake, akamwacha.

Siku ya ndoa mvua ilinyesha. Wanaume walikaa chini ya turubai uani, wanawake wakawa ndani na bibi harusi. Shehe aliunganisha mikono ya Abudu na Abdul-Latif. Wazee wa Abdul-Latif wakainama kusikiliza. Abudu alianza vizuri, akataja jina la binti yake na la baba yake na la babu yake kama inavyotakiwa, na alipofika kwenye neno lile, ulimi wake, ambao kwa woga hakuutuma kazi tangu Nateete, ulikwenda pale ulipoachwa.

“Nimekuoza Nabilah,” alisema, “kwa mahali tuliyokubaliana.”

Wazee walicheka kwa upole. Shehe akatabasamu, akamsahihisha, “Mahari, mzee,” na Abudu, jasho likimtoka, akarudia sawasawa. Ndoa ikafungwa. Hakuna aliyejali, ila Rukiah, ambaye alitoka mlangoni akamtazama mumewe, kwa sababu ndani, mara neno lile la kwanza lilipotoka, bibi harusi alikuwa ameinua uso wake uliofunikwa na kuitika, kana kwamba ameitwa jina lake.

Wakati wa kuondoka mvua ilikuwa kubwa. Mwavuli ulicheleweshwa, na Nabilah hakuusubiri. Alitembea peke yake kutoka barazani mpaka kwenye gari, polepole, akaingia nyuma akikusanya nguo zake kama mtu anayeketi mbele ya wageni. Abudu alikuwa kwenye usukani. Alinusa udi, akajiambia ni wa harusi. Kisha akatazama katika kioo: shela ilikuwa kavu.

Nabilah, ambaye tangu aanze kusema hakupata kumwita baba yake kwa jina jingine ila Taata, aliinama mbele kidogo.

“Asante kwa mahali, mzee,” alisema, kila herufi katika nafasi yake.

Abudu hakuwa amewasha gari bado. Upande wa kushoto, nyuma, taa mpya ilianza kugonga.