Chupa Iliyojazwa Maji

Kila asubuhi kabla ya shule, Shagufta alishika mkebe huku baba yake, Barkat, akikamua nyati wao wa kufugwa. Wakimaliza, baba alimimina jagi la maji ndani ya maziwa.

"Nyati hawapendi ukungu, maziwa yamepungua," alisema akicheka. "Wateja nao wanataka chai ileile."

Wiki moja ya ukungu mzito Munib, mdogo wa Shagufta mwenye miaka miwili, alishikwa na kichomi. Zahanati ya kijiji ilikuwa imeishiwa dawa. Baba aliuza redio yake mjini, akarudi na chupa moja ya dawa ya maji, ya rangi ya waridi.

"Wewe ndiye utamnywesha," alimwambia Shagufta. "Uiangalie vizuri. Ikiisha, sijui nitapata wapi nyingine."

Siku hiyohiyo chupa ilimponyoka, nusu ikamwagika. Shagufta aliingiwa na hofu. Jagi la baba lilikuwa hapo karibu. Akajazia maji mpaka pale dawa ilipokuwa, akatikisa, akanyamaza.

Siku ya tatu Munib hakulia tena. Alihema harakaharaka, na kila alipovuta pumzi mbavu zilibonyea ndani. "Dawa itafanya kazi tu," mama alijipa moyo. Shagufta alishindwa kula.

Kesho yake mhudumu wa afya wa kijiji, Dada Rukhsana, alifika na mkoba wake. Alihesabu pumzi za mtoto, uso ukambadilika.

"Dawa siku zote hizi, na hali ndiyo hii? Basi imeshindwa. Itabidi atafutiwe sindano kali kule jijini Lahore."

"Lahore? Na ukungu huu?" baba alishtuka. "Atafika kweli?"

Shagufta aliangua kilio. "Haijashindwa, Dada! Niliimwaga, nikajazia maji!"

Baba aliinua mkono ampige. Macho yake yakaangukia lile jagi, na mkono ukashuka wenyewe.

Rukhsana hakupoteza muda. Alitoa kidonge cha watoto mkobani, akakiyeyusha kijikoni, akamnywesha Munib. "Basi ni dawa ileile, ila kamili. Vidonge hivi vimeletwa jana, na ni bure. Twende hospitali ya wilaya sasa hivi, kuna hewa ya kumsaidia kupumua."

Siku ya tano hospitalini Munib aliomba mkate na sukari guru. Mama alilia kwa furaha.

"Dawa iliyotiwa maji hufuga ugonjwa," Rukhsana aliwaambia. "Ikimwagika, ikikosekana, ikiwashinda bei, niambieni siku hiyohiyo. Shagufta, ungenyamaza siku moja zaidi, tungemzika."

Asubuhi waliporudi nyumbani, baba alikamua nyati, akafunga mkebe. Jagi lilibaki kavu.